Jenerali Oesch wa Ufini aliizuia Urusi 1944, mwaka mmoja baadaye akawekwa ndani. Kosa lake lilikuwa nini hasa?

#1 Kalamu ya Kanyigo
Wakuu, salaam. Jambo hili limenikaa kichwani wiki nzima, nikaona nililete hapa.

Mtu yeyote aliyesoma habari za vita vya Ufini na Warusi anamjua Mannerheim, Amiri Jeshi Mkuu wa Ufini. Sawa, mzee anastahili. Lakini kiangazi cha 1944, Jeshi Jekundu lilipovunja mistari miwili ya ulinzi ndani ya wiki moja, mtu aliyekabidhiwa mstari wa mbele ni Luteni Jenerali Karl Lennart Oesch. Alipewa majeshi yote ya Shingo ya Karelia, ile nchi nyembamba kati ya bahari na Ziwa Ladoga, katikati ya Juni, mambo yakiwa yameshaharibika. Haikupita wiki, mji wa Viipuri ukaanguka, tarehe 20 Juni. Halafu yakaja mapigano ya Tali na Ihantala, kuanzia 25 Juni hadi 9 Julai, na pale Warusi wakagota. Jeshi la Stalin halikuiteka Helsinki.

Mwaka 1945 huyohuyo Oesch akakamatwa. Mwaka 1946 mahakama ya kijeshi ya nchi yake mwenyewe ikampa miaka 12 ya kazi ngumu.

Ninauliza kwa dhati: nchi inamfungaje aliyeiokoa? Wajuzi karibuni.

#2 Mama Ubuyu
Ngoja nikae mbele kabisa. Oesch ndiyo namsikia leo.

#3 Baharia wa Pongwe
Nijuavyo mimi huyo hakuwa Mfini, alikuwa Mswisi aliyekodiwa kupigana. Jina lenyewe linasema.

#4 Kitabu Kizee
Baharia #3, hapo umeteleza. Wazazi wake ndio waliotoka Uswisi. Yeye alizaliwa Pyhäjärvi, mkoa wa Viipuri, tarehe 8 Agosti 1892, wakati Ufini bado iko chini ya Tsar, mfalme wa Urusi. Akasoma Sortavala, kisha Chuo Kikuu cha Helsinki. Hakuna aliyemkodi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, vijana wa Kifini walitoroka kwa siri kwenda Ujerumani kujifunza kijeshi ili waje kumtoa Mrusi. Walikaribia 1,900. Wajerumani wakawaundia Batalioni ya 27 ya Jäger. Oesch akawa mmoja wao. Walirudi kupitia Vaasa Februari 1918, moja kwa moja kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Na angalia hili: Mannerheim, mkuu wao mpya, miaka hiyohiyo alikuwa jenerali wa Tsar. Yeye anapigania Urusi, wao wanafunzwa na adui wa Urusi. Mwishowe wakakutana jeshi moja.

#5 Baharia wa Pongwe
Nimekubali, nafuta kauli. Asante.

#6 Mjeda Mstaafu
Nyongeza kwa #4. Miaka ya 1920 Oesch alipelekwa Paris kwenye chuo cha juu cha kivita cha Wafaransa. Aliporudi akawa mkuu wa chuo cha kivita cha Ufini, na kuanzia 1930 akawa Mnadhimu Mkuu. Vita vya Majira ya Baridi, vile vya kwanza kati ya Ufini na Urusi, vilipoanza Novemba 1939 bado alikuwa kwenye kiti hicho.

Kwa hiyo alikuwa mtu wa ofisi na ramani, na wengi walimwona hivyo. Machi 1940 ndipo alipotumwa Ghuba ya Viipuri, Warusi wakivuka juu ya bahari iliyoganda. Jenerali aliyekuwa pale kabla yake alikuwa ameondolewa baada ya siku chache tu. Oesch akashika mstari hadi mkataba wa amani wa 13 Machi. Tangu siku hizo ikajulikana kwamba palipoungua anapelekwa yeye.

#7 Chai ya Rangi
Wakuu mnampamba mno. Tali na Ihantala ni Mjerumani aliyeokoa jahazi. Siku zilezile za Juni waziri wa nje wa Hitler alikuwa Helsinki anambana Rais Ryti atie saini kwamba Ufini haitafanya amani peke yake. Ryti akasaini 26 Juni. Kilicholetwa ni ndege za kikosi cha Kuhlmey, brigedi ya mizinga ya kujiendesha, na zile silaha mpya za kubeba begani za kupiga vifaru. Kabla ya hapo askari wa Kifini alikuwa anakitazama kifaru cha T-34 hana la kukifanya.

Ondoa hizo silaha, Oesch angeongoza nini?

#8 Nyuki Dume
Na mimi nasema si Oesch wala si Mjerumani. Ni kalenda. Tarehe 22 na 23 Juni 1944 Stalin alifungua mashambulizi makubwa kule Belarusi. Macho yake yalikuwa Berlin. Govorov, kamanda wa Warusi upande ule, alipokwama pale Ihantala, Moscow haikuona sababu ya kumwaga divisheni nyingine kwa ajili ya Wafini. Julai majeshi yakaanza kuhamishiwa Estonia. Mtu mkubwa akiacha kukukaba kwa sababu ana kazi kwingine, usitangaze kwamba umemwangusha.

#9 Mjeda Mstaafu
Nyuki #8, Moscow iliona kwamba gharama inazidi faida. Sasa gharama hiyo nani aliipandisha?

Mimi nilikuwa mpiga mizinga, vita vya Kagera nilikwenda. Nachokisema nimekisikia kwa masikio haya. Adui unayeweza kumshushia mizinga mingi mahali pamoja kwa wakati mmoja, hata akiwa na watu wengi, miguu yake inakataa. Wafini walikuwa na Jenerali Nenonen, bingwa wa mizinga, aliyebuni njia ya kuwezesha betri zilizotawanyika mbalimbali zipige shabaha moja kwa dakika chache bila kupoteza muda wa hesabu. Ihantala walikusanya mizinga karibu 250. Kwa jeshi dogo vile, hiyo ni kama kuleta kila kitu ulichonacho ndani.

Uamuzi wa kurundika vile, na kuachia sehemu nyingine zikae wazi, ni wa kamanda. Hapo ndipo naliona jina la Oesch.

#10 Mwana wa Masaka
Mzee Mjeda, shikamoo. Sisi wa Masaka ile sauti ya roketi zenu za Saba Saba wazazi wetu wanaizungumza hadi leo. Mama yangu akisikia radi kubwa bado anainama. Unaposema miguu inakataa, nakuelewa kabisa.

#11 Mjeda Mstaafu
Marahaba mwanangu. Mfikishie mama salamu zangu, na pole yangu pia.

#12 Kitabu Kizee
Niongeze maelezo mengine maana hamjayataja: masikio. Wafini walikuwa hodari wa kunasa mawasiliano ya redio ya Warusi. Usiku wa kuamkia 3 Julai walijua kwamba shambulio kubwa litaanza saa 10 alfajiri. Dakika chache kabla ya saa hiyo, ndege za Kifini na za Kijerumani zikashuka pamoja na ile mizinga ya Mjeda, wakawakuta Warusi wamejipanga wazi wanasubiri amri. Lile shambulio lilivunjika kabla halijatembea.

Kwa hiyo redio, mizinga, Wajerumani, kalenda ya Stalin, na askari wenyewe waliokuwa kwenye mahandaki. Hasara ya Wafini katika mapigano hayo, waliokufa, waliopotea na majeruhi, ilizidi 8,000.

#13 Chai ya Rangi
Angalau umewataja Wajerumani. Nimeridhika nusu.

#14 Mgeni wa Lahti
Habari zenu. Ninaishi Lahti mwaka wa tisa sasa, nimetokea Kivu ya Kusini. Naomba niwape upande ambao vitabuni haumo sana.

Mji huu umejaa familia zilizotoka Viipuri. Vita vilipokwisha, zaidi ya Wakarelia 400,000 waliacha nyumba zao zikabaki upande wa Urusi, katika nchi yenye watu wasiofika milioni nne. Fikirieni, karibu mtu mmoja kati ya kumi. Wengine waliondoka 1940, wakarudi 1942 wakajenga upya, wakaondoka tena 1944.

Nina jirani, bibi wa miaka tisini kasoro. Alikuwa mtoto wakati wa kuondoka kwa mara ya pili. Siku moja ananifundisha kukanda zile sambusa zao za unga mweusi wa nafaka ya rai zenye wali ndani, akaniuliza kwetu tuliondokaje. Nikamwambia tuliondoka usiku, ng'ombe tukawaachia. Akaacha kukanda. Akasema wao ng'ombe waliwaswaga kwa miguu, barabara nzima ng'ombe wanalia kwa kukosa kukamuliwa, na mama yake akawa anashuka anakamua maziwa yanamwagika mtaroni kwa kuwa hakuna chombo.

Kwake yeye Oesch si mshindi. Kwake ni jenerali ambaye chini yake Viipuri ulikwenda kwa siku moja.

#15 Mama Ubuyu
Mgeni wa Lahti, umenitoa machozi asubuhi hii. Hao ng'ombe.

#16 Nyuki Dume
Hoja ya huyo bibi ni nzito. Viipuri ulilindwa na brigedi moja iliyofika kwa haraka, risasi hazitoshi, watu wakatawanyika. Mbona hatumhesabii Oesch lawama hiyo?

#17 Kalamu ya Kanyigo
Nyuki, alikuwa na siku tano tu kwenye kiti. Tena huyohuyo ndiye aliyeurudisha Viipuri mwishoni mwa Agosti 1941, akiongoza Kikosi Kikuu cha 4. Waliwazingira Warusi kule Porlampi, wakateka maelfu, hadi kamanda wa divisheni, Jenerali Kirpichnikov, akaingia mkononi. Mji aliouchukua mwenyewe ndio uliomponyoka. Sidhani kama kuna siku ilimuuma kuliko ile.

#18 Kaka wa Kisauni
Ndugu zangu, nikitoka nje ya mada kidogo: mnajua sisi Wakenya tuna mkono kwenye historia ya majenerali wa Ufini? Mwaka 2012 shirika la utangazaji la Ufini, YLE, lilionyesha filamu kuhusu Mannerheim iliyopigwa Kenya, na aliyeigiza Mannerheim ni mtu wetu Telley Savalas Otieno. Wafini wengi walikasirika, wengine wakaipenda. Kwangu mimi ilikuwa fahari.

#19 Mgeni wa Lahti
Kaka, hata leo huku ukiitaja filamu hiyo kwenye meza ya kahawa, meza inagawanyika.

#20 Mama Ubuyu
Na kuna kiungo kingine mmekisahau nyumbani kabisa. Martti Ahtisaari, aliyekuja kuwa rais wa Ufini, alizaliwa Viipuri 1937. Familia yake ni miongoni mwa hao walioacha mji. Baadaye ndiye alikuwa balozi wa Ufini hapa Dar es Salaam kuanzia 1973, kisha akaenda kuhangaikia uhuru wa Namibia kwa miaka mingi. Marehemu baba yangu alikuwa dereva kwenye ofisi moja ya serikali, alimpeleka mara mbili. Alikuwa akisema yule mzungu anasikiliza.

Kumbe jana nilisema Oesch simjui, na mji aliokuwa anaulinda ndio uliomtoa mtu tuliyemjua nyumbani kwetu.

#21 Kitabu Kizee
Mama Ubuyu, hiyo ya Ahtisaari nakushukuru. Sasa turudi kwenye swali la #1, maana tumeipiga vita na kesi tumeiacha.

Septemba 1944 mapigano yalisimamishwa, mkataba ukasainiwa Moscow tarehe 19. Masharti: mpaka wa 1940 urudi, eneo la Petsamo liende kwa Urusi, fidia ya dola milioni 300, Wajerumani wafukuzwe, na watuhumiwa wa makosa ya kivita wakamatwe. Ikaja Helsinki Tume ya Usimamizi ya washindi wa vita, chini ya Mrusi Andrei Zhdanov. Tume ikatoa orodha ya majina. Hapo ndipo mlango wa jela ulipofunguka.

#22 Baharia wa Pongwe
Basi jibu ni hilo. Zhdanov alikuwa kiongozi wa Leningrad, mji wa Urusi jirani na Ufini, wakati Wajerumani wameuzingira. Akaja Helsinki akamkuta jenerali aliyewakwamisha pale Ihantala. Angemwachaje?

#23 Nyuki Dume
Na Leningrad msiiruke. Jeshi la Ufini ndilo lililofunga upande wa kaskazini wa mji ule, watu wakafa njaa ndani kwa malaki. Zhdanov hakuja na kisasi cha Ihantala peke yake.

#24 Mjeda Mstaafu
Vijana, ngojeni. Mimi nimevaa sare, na hili nitalisema kwa uzito wake.

Oesch hakushtakiwa kwa Ihantala. Alishtakiwa kwa amri. Mwaka 1941, mikononi mwake wakiwamo maelfu ya mateka, alitoa agizo kuhusu matumizi ya silaha dhidi ya mateka wasiotii. Kuna mateka walipigwa risasi wakafa, mahakama ikaiunganisha amri na vifo vile.

Na msifikiri mateka walikuwa wachache. Wafini waliteka Warusi karibu 64,000 katika vita ile ya pili, ya 1941 hadi 1944. Karibu 19,000 walikufa kambini, wengi majira ya baridi ya 1941 na 1942, kwa njaa na maradhi. Karibu mmoja kati ya watatu. Nchi nzima ilikuwa na upungufu wa chakula, ni kweli, lakini mateka ni mtu uliyemnyang'anya bunduki. Kuanzia hapo anakula kwa mkono wako.

Mimi nimelinda mateka. Najua usiku mmoja wa hofu unavyoweza kumfanya mlinzi afikirie vibaya, na najua neno la mkubwa linavyomfikia kuruta wa miaka kumi na tisa. Mkubwa anasema "msisite", yule mtoto anasikia "ueni". Kwa hiyo siwezi kusema kesi ile ilikuwa uzushi wa Zhdanov tu.

#25 Kalamu ya Kanyigo
Mzee Mjeda, nimesoma mara mbili. Sikulitazama hivyo nilipofungua uzi.

#26 Chai ya Rangi
Nakubaliana na Mjeda kuhusu mateka. Ila mbona waliofungwa ni wachache na Mannerheim hakuguswa? Yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, kambi zote zilikuwa chini ya jeshi lake. Akawa rais Agosti 1944 na akakaa Ikulu hadi Machi 1946. Ryti, aliyesaini ile karatasi na Ujerumani, akapata miaka kumi.

#27 Kitabu Kizee
Warusi walimhitaji Mannerheim. Ni yeye pekee ambaye jeshi lingemtii akisema "geuzeni mitutu kwa Wajerumani". Ukimfunga yeye, nchi inawaka. Ukimfunga Oesch, nchi inanung'unika tu.

Halafu yeye, pamoja na Ryti, waliifanya ile saini ya 26 Juni kwa namna ya kisheria ya kipekee: Ryti aliahidi kwa jina lake kama rais, bila Bunge. Alipojiuzulu 1 Agosti ahadi ikaondoka naye. Alijua anajibebesha.

#28 Kaka wa Kisauni
Yaani mmoja anakula kiapo ili mwingine aje akivunje? Huyo Ryti anastahili heshima yake.

#29 Wakili wa Kata
Niingie kisheria. Wengi humu mnataja miaka 12 na mnaishia hapo. Kesi iliendelea. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Ufini iliipunguza adhabu hadi miaka mitatu, akatoka mwaka huohuo.

Hapo kuna mambo mawili. Wanaosema alionewa kabisa wajiulize kwa nini Mahakama ya Juu haikumwachia huru. Wanaosema alikuwa mhalifu mkubwa wajiulize kwa nini ilifuta robo tatu ya adhabu. Mimi naliona hivi: shinikizo la Tume lilimfikisha kizimbani, lakini ushahidi wa ile amri ndio uliombakiza.

#30 Baharia wa Pongwe
Wakili, na kama shinikizo lisingekuwapo, ushahidi ungefika mahakamani?

#31 Wakili wa Kata
Sidhani.

#32 Baharia wa Pongwe
Basi na mimi bado niko nilipokuwa #22.

#33 Nyuki Dume
Na je, upande wa pili? Kirpichnikov aliyetajwa #17 alirudishwa kwao baada ya vita. Warusi wenyewe walimpiga risasi 1950. Aliyeteka alifungwa, aliyetekwa aliuawa na wenzake. Hilo linanisumbua kuliko kesi ya Oesch.

#34 Mama Ubuyu
Alipotoka jela alifanya nini? Alirudi jeshini?

#35 Kitabu Kizee
Hakurudi. Alikaa akaandika. Alitoa kitabu juu ya mapigano ya 1944 kule Karelia, na akawa mhariri wa jarida lililochapisha simulizi za askari wa kawaida waliopigana. Hilo mimi ndilo linalonivutia zaidi kwake. Mtu wa Paris, mnadhimu mkuu wa miaka kumi, anakaa kuhariri barua za mkulima anayesimulia alivyolala kwenye handaki la maji. Alifariki Helsinki tarehe 28 Machi 1978, ana miaka 85.

#36 Mjeda Mstaafu
Machi 1978. Miezi saba kabla hatujaitwa Kagera.

#37 Mgeni wa Lahti
Jana jioni nilimsomea bibi jirani baadhi ya posti zenu, nikatafsiri nilivyoweza. Ile ya Mzee Mjeda kuhusu mateka alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema shambani kwao 1942 waliletewa mateka mmoja wa Kirusi wa kusaidia kazi, kwa kuwa wanaume wote walikuwa vitani. Alikuwa amekonda, hawezi kuinua ndoo. Mama yake alimlisha uji wiki mbili ndipo akampa jembe. Walipoondoka 1944 yule mateka alilia, wakalia wote.

Akasema pia, kuhusu Oesch: baba yake alikuwa Ihantala na alirudi. Kwa hiyo hawezi kumchukia. Ila kuanguka kwa Viipuri bado anamhesabia.

#38 Kalamu ya Kanyigo
Mwambie tumemsikia hadi Kanyigo.

#39 Chai ya Rangi
Swali jipya. Nimekutana na jina Airo, yule aliyekuwa mkono wa kulia wa Mannerheim makao makuu. Naye alikamatwa 1945, akakaa ndani hadi 1948 bila kuhukumiwa kosa lolote. Yake ilikuwa mateka pia?

#40 Kitabu Kizee
Hapana, yake ilikuwa silaha zilizofichwa. Baada ya vita kuna maofisa walizificha nchi nzima kwa siri, wakihofia Warusi wataingia. Waliohukumiwa walipita elfu moja. Lakini hiyo ni ndefu, ukiianzia hapa tutalala.

#41 Chai ya Rangi
Basi kesho nafungua uzi wake. Mzee Mjeda usikose.

#42 Mjeda Mstaafu
Nitakuwapo. Fungua baada ya saa mbili usiku, mchana niko shamba.